Nyambizi ya Atlantiki, ya Pasifiki au ya Bahari ya Hindi: uanze na ipi?

Vijana wa klabu ya historia katika skuli ninayoisaidia hapa Unguja huchagua mada moja ya vita vya baharini, wakaisoma, kisha wakaiwasilisha mbele ya wenzao. Nyambizi ndiyo inayogombewa zaidi, na ndiyo inayowashinda wengi. Mtu hubeba mada nzima, kuanzia chombo cha kuzungusha kwa mikono cha mwaka 1864 hadi nyambizi za nyuklia, akasimama mbele ya darasa na tarehe thelathini ambazo hata yeye hazikumgusa.

Ndiyo maana nalinganisha hapa milango mitatu ya kuingilia, yote ya Vita vya Pili vya Dunia: nyambizi ya Kijerumani katika Atlantiki, ya Kimarekani katika Pasifiki, na ya Kijapani katika bahari hii yetu. Idadi ya meli zilizozamishwa naiweka pembeni. Napima kwa watu: nani alikuwa ndani ya kile chuma, aliishi vipi, na nani alibaki anaelea juu baada ya topido, yaani kombora linalosafiri majini, kupiga. Mwenyewe naupendelea mlango wa tatu, na nitaeleza kwa nini, lakini haumfai kila mtu.

Kwanza, chombo chenyewe

Nyambizi za wakati ule hazikuwa vyombo vya kuishi chini ya maji. Zilikuwa meli zinazoweza kujificha kwa muda. Juu ya maji zilikwenda kwa injini za dizeli, na injini hizo hizo zilichaji betri. Zikizama, dizeli inazimwa kwa sababu inakula hewa, na betri ndiyo inayosukuma. Nyambizi ya kawaida ya Kijerumani ilikimbia fundo 17 (karibu kilomita 31 kwa saa) juu ya maji, lakini chini haikuzidi 7 na kitu, na ikienda hivyo betri inakwisha upesi. Ikitaka kukaa chini kutwa nzima ilibidi itambae kwa fundo 4 au chini ya hapo, mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka. Ukilijua hilo, utaelewa kwa nini ndege ndiyo iliyokuwa adui mkubwa wa nyambizi: iliilazimisha izame, na ikizama haiwezi tena kuifukuza meli.

Kina nacho kina maneno yake, na hapa kwetu tuna mfano mzuri. Mkondo kati ya Unguja na bara ni wa maji mafupi, sehemu kubwa haifiki mita 60. Nyambizi ya Kijerumani niliyoitaja ilikuwa na urefu wa mita 67. Ungeisimamisha wima katika mkondo huo, mkia ungechomoza juu. Mkondo wa Pemba ni jambo jingine kabisa. Pale chini kunashuka mamia ya mita, na wavuvi wanaofuata jodari na nduaro wanajua jinsi maji yanavyogeuka rangi ghafla ukishatoka kwenye mwamba. Kamanda wa nyambizi akiiangalia ramani ya visiwa vyetu, Pemba angeiona pahala pa kujificha na Unguja angeiona mtego.

Atlantiki: mlango wenye mashahidi wengi

Nyambizi hiyo ya Kijerumani, aina ya VII C, ndiyo iliyoundwa kwa wingi kuliko zote katika vita vile. Ilibeba watu 44 hadi 52 na topido 14. Usidanganywe na zile mita 67. Nafasi kubwa ilikuwa ya injini, betri, matangi na silaha, na mabaharia walibanwa katika kilichobaki. Chumba cha mbele, ambako topido zilipakiwa, ndicho kilichokuwa chumba cha kulala cha mabaharia wa kawaida. Mwanzoni mwa safari topido za akiba zilijaa humo, kwa hiyo watu walilala juu yake na kandoni mwake, wakisubiri zifyatuliwe ili wapate pa kunyoosha miguu. Kitanda kimoja kilikuwa cha watu wawili wa zamu tofauti. Huyu akiamka kwenda kazini, yule anaingia godoro lingali na joto la mwenzake.

Vyoo vilikuwa viwili, lakini safari ikianza kimoja kilijazwa vyakula. Watu karibu 50 wakabaki na choo kimoja, na nyambizi ikiwa chini sana hata hicho hakikutumika, kwa sababu mgandamizo wa maji ya nje ulizuia uchafu kutoka. Maji matamu yalikuwa ya kunywa na kupikia tu. Kuoga hakuna, kufua hakuna, mkate unaota ukungu, na harufu ya dizeli inaingia mpaka kwenye chakula. Wiki zilipita hivyo.

Kisa cha U-1206 kinafundisha ufundi wa nyambizi kuliko kurasa kumi za maelezo. Chombo hicho kilikuwa na choo kipya kinachoweza kutumika hata kina kirefu, ila valvu zake zilitaka kufunguliwa na kufungwa kwa mpangilio maalumu. Aprili 1945, karibu na pwani ya Scotland, mpangilio ulikosewa na maji ya bahari yakaingia kwa nguvu, yakashuka mpaka kwenye betri zilizokuwa chini ya sakafu. Maji ya chumvi yakikutana na asidi ya betri hutoa gesi ya klorini, na gesi hiyo inaua. Nyambizi ikalazimika kupanda juu, ikaonekana na ndege, ikashambuliwa, na mwisho mabaharia wakaitelekeza.

Kuhusu vifo, hesabu ya Wajerumani inatisha. Kati ya watu takriban 40,000 waliokwenda vitani ndani ya nyambizi, karibu 30,000 hawakurudi. Mwezi wa Mei 1943 peke yake zilipotea nyambizi 41. Sababu zilikutana kwa wakati mmoja: rada zilizofungwa kwenye ndege, vyombo vya kugundua redio ya nyambizi inatangazia wapi, ndege zenye uwezo wa kufika katikati ya bahari, na siri za mawasiliano zilizokuwa zikisomwa na Waingereza. Miongoni mwa waliokufa mwezi ule ni Peter Dönitz wa U-954, mtoto wa Karl Dönitz, admirali aliyekuwa mkuu wa jeshi lote la majini. Mzee aliendelea kuwapeleka watoto wa wengine.

Ubora wa mlango huu ni ushahidi. U-995 bado ipo Laboe, Ujerumani, na U-505 iliyotekwa na Wamarekani Juni 1944 ipo ndani ya jumba la makumbusho Chicago; picha za ndani zimejaa mtandaoni na kijana anaweza kuzichunguza kitanda kwa kitanda. Waliosalia waliandika na kuhojiwa kwa miaka mingi.

Ila una hatari yake. Shida za mabaharia wale zinavuta huruma, na huruma ikizidi mtu anasahau kwamba walikuwa wakiitumikia dola ya Hitler. Anasahau pia upande wa pili. Waliokuwa wakizamishwa walikuwa mabaharia wa meli za biashara, na kwenye meli za Kiingereza maelfu kwa maelfu walikuwa watu wa Bara Hindi, waliolipwa mshahara mdogo kuliko wenzao Wazungu kwa kazi ile ile na bahari ile ile. Ukichagua Atlantiki, wape nafasi hao.

Kwa anayetaka Vita vya Kwanza badala ya vya Pili, mlango uko hapa hapa, na una uzi unaotufikia. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza ikiwa bandarini Zanzibar inatengeneza injini zake. Makaburi ya waliokufa yapo kisiwani Chapwani mpaka leo. Siku mbili baadaye, katika Bahari ya Kaskazini, nyambizi U-9 ya Otto Weddigen ilizizamisha manowari tatu za Kiingereza, Aboukir, Hogue na Cressy, kwa muda wa saa moja na ushei, na watu 1,459 wakafa. Zile mbili za mwisho zilipigwa kwa sababu zilisimama kuwaokoa wa ile ya kwanza. Wiki moja, vita viwili: kimoja cha mizinga na macho, kama cha babu zao, na kingine cha adui asiyeonekana.

Pasifiki: mlango wa mafundi

Hapa nitakwenda haraka. Nyambizi ya Kimarekani ya aina ya Gato ilikuwa na urefu wa mita 95, watu 60 hadi 80, na topido 24. Iliundwa kwa safari za miezi katika bahari ya joto, na ilikuwa na kiyoyozi, majokofu, mashine ya kugeuza maji ya chumvi kuwa matamu, hata mashine ya aiskrimu. Kiyoyozi hakikuwekwa kwa anasa tu: unyevu ukiganda kwenye nyaya unaleta shoti, na shoti ndani ya nyambizi ni moto usio na pa kukimbilia. Mtu yeyote anayeishi kwenye unyevu wa masika ya Unguja atalielewa hilo bila kuelezwa.

Mabaharia wale walikuwa chini ya asilimia 2 ya jeshi la majini la Marekani, lakini walizamisha zaidi ya nusu ya uzito wa meli zote za biashara za Japani zilizozamishwa. Walipoteza nyambizi 52 na watu zaidi ya 3,500, takriban mmoja katika kila watano waliotoka. Ni msiba mkubwa, ila haufiki ule wa Wajerumani.

Kisa cha kuchagua humu ni cha topido mbovu. Kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu makamanda walikuwa wakirudi na malalamiko kwamba wanalenga sawasawa na topido hazilipuki, na wakubwa wa silaha wakawajibu kwamba wao ndio hawajui kulenga. Juni 1942, kule Albany, Australia, Admirali Charles Lockwood aliamua kupima. Walitandaza wavu wa wavuvi baharini, wakafyatua topido, kisha wakapima tundu kwenye wavu liko kina gani. Topido zilikuwa zikipita mita 3 na zaidi chini ya kina kilichowekwa, yaani zilipita chini ya meli. Wavu ndio uliowaumbua wataalamu. Hata hivyo kasoro nyingine zilibaki. Julai 1943 nyambizi Tinosa ilifyatua topido moja baada ya nyingine kwenye meli ya mafuta iliyokwisha kusimama, zikagonga ubavu na kufa kimya. Ilikuja kubainika kwamba topido ikigonga meli kwa pembe nzuri kabisa, pini ya kulipulia ilipinda kabla ya kufanya kazi. Aliyelenga vizuri zaidi ndiye aliyekosa.

Kijana anayependa fizikia na ufundi, huu ni mlango wake, na sitamshawishi ahame. Namwomba aongeze jambo moja tu: katika nyambizi zile za mashine nzuri, mabaharia Weusi na Wafilipino waliwekwa karibu wote kwenye kazi ya kuwahudumia maofisa mezani. Bomu likiipiga nyambizi, walizama na wengine sawasawa.

Bahari ya Hindi: mlango wa kwetu

Aprili 1942, baada ya ndege za Japani kuishambulia Colombo, kundi kubwa la manowari za Kiingereza lilihamishiwa Kilindini, Mombasa, si mbali na ncha ya kaskazini ya Pemba. Kuanzia hapo pwani hii ilikuwa sehemu ya vita vya nyambizi, na Wajapani walikuja kuangalia. Nyambizi yao I-30 ilibeba ndege ndogo ya kuelea, iliyokunjwa na kuwekwa ndani ya banda la chuma juu ya sitaha. Mei 1942 ndege hiyo iliruka kuzichungulia Aden na Djibouti, kisha ikaja Zanzibar na Dar es Salaam, kutafuta manowari hizo zimejificha wapi. Watu wa mjini waliopandisha macho siku ile hawakuwa na sababu ya kujua kwamba chombo kile kilitoka chini ya bahari.

Usiku wa tarehe 30 Mei vyombo vidogo vya watu wawili wawili, vilivyobebwa na nyambizi I-16 na I-20, viliishambulia bandari ya Diego Suarez, kaskazini mwa Madagaska. Manowari kubwa Ramillies ikaharibiwa na meli ya mafuta British Loyalty ikazama. Juni na Julai nyambizi za kundi lile zikaingia Mkondo wa Msumbiji na kuzamisha zaidi ya meli 20 za biashara. I-30 yenyewe ilizunguka Afrika mpaka Lorient, Ufaransa, ikapokewa kwa heshima na Wajerumani, na Oktoba mwaka ule ule ikagonga bomu la majini karibu na Singapore, ikazama.

Lakini kisa kinachonifanya niupendelee mlango huu ni cha Februari 1944. Msafara wa meli tano za abiria wa kijeshi ulitoka Mombasa kuelekea Colombo. Moja ilikuwa Khedive Ismail, yenye watu zaidi ya 1,500. Sehemu kubwa walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, Kikosi cha 301, wakipelekwa upande wa Burma. Walikuwamo pia wauguzi na wanawake wengine wa jeshi. Tarehe 12 Februari alasiri, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi I-27 iliyoongozwa na Toshiaki Fukumura iliipiga kwa topido mbili. Meli ilizama ndani ya dakika mbili hivi. Dakika mbili hazimtoshi askari aliye sitaha ya chini hata kuifikia ngazi, kwani wenzake mamia wanaigombea ngazi hiyo hiyo. Walikufa watu 1,297, na 77 kati yao walikuwa wanawake. Walionusurika walizidi kidogo 200.

Kilichofuata ni kigumu kukisimulia. I-27 ilikuwa imejificha chini ya maji, na juu yake walikuwa wanaelea wale walionusurika. Manowari mbili za ulinzi, Petard na Paladin, zilikuwa na chaguo mbili mbaya. Zikisubiri, nyambizi itazigeukia meli nne zilizobaki, zilizojaa maelfu ya askari. Zikidondosha mabomu ya kina, yale yanayolipuka chini ya maji, mshindo utawaua watu waliomo majini, watu wao wenyewe. Zilidondosha. Baadhi ya waliokuwa wameponea dakika mbili zile wakafa kwa mabomu ya upande wao. I-27 ilipanda juu, Paladin ikachanwa ubavu ilipoisogelea, na mwisho Petard iliimaliza kwa topido ya saba baada ya sita kukosa. Katika mabaharia karibu 100 wa I-27 alipona mmoja.

Hapo ndipo udhaifu wa mlango huu unapoonekana. Sauti kutoka ndani ni chache mno. Huwezi kupata maelezo ya kitanda, choo na mkate wa I-27 kama unavyoyapata ya Mjerumani. Tunajua vipimo vyake, mita 108, topido 17, safari ndefu kutoka kituo chao cha Penang, na topido za Wajapani zilizotumia oksijeni tupu zikawa na kasi kuliko za wengine wote. Watu wenyewe hatuwasikii. Na askari wetu waliozama nao, walioandika habari zao ni wachache zaidi. Ukichagua kisa hiki utafanya kazi kubwa kwa maandishi machache, na lazima ujizuie kuwatungia maneno wasiyoyasema. Mwanafunzi asiyeweza kuvumilia hilo bora achukue Atlantiki.

Faida yake ni kwamba kila kipande kinakuongoza kwenye kingine kilicho karibu. Kwa mfano, waliokuwa wakisikiliza redio za Wajapani na kufumbua siri zao walifanya kazi Mombasa, ndani ya majengo ya skuli ya Allidina Visram; mwaka 1942 waliufumbua mfumo wa siri uliotumiwa na meli za biashara za Japani. Wanafunzi wangu huwa hawaamini kwamba jambo lile lilifanyika darasani, tena darasa la pwani hii.

Kwa hiyo uchague ipi?

Ukitaka kujua mtu anaishije ndani ya chuma kwa wiki nane, chukua VII C. Una muda wa wiki moja tu? Chukua hiyo hiyo, maana vyanzo vyake vimekwisha kupangwa. Ukiwa na kichwa cha ufundi, chukua Gato na topido zake, na tengeneza mchoro wa ile pini iliyokuwa ikipinda, darasa litakusikiliza. Wenye mwezi mzima na subira, na hasa waliotoka Pemba, wachukue I-30 au I-27. I-30 ni nyepesi zaidi kwa kidato cha pili: ramani, ndege, safari, bomu. I-27 naiweka kwa wakubwa, kwa sababu ya yale mabomu.

Kuna mlango mdogo wa nne kwa wanaotaka sheria. U-852 ya Heinz-Wilhelm Eck iliizamisha meli ya Kigiriki Peleus katika Atlantiki Machi 1944, kisha ikafyatua risasi kwenye mabaki yaliyokuwa yakielea, na watu wakiwa wamejishikilia humo. Eck alisema alitaka kuficha alama ili ndege zisimfuate. Mabaharia watatu waliokolewa wakasimulia. Nyambizi ilizunguka Afrika, ikapigwa na ndege za Kiingereza mwanzoni mwa Mei, ikapanda mwamba kwenye pwani ya Somalia, na mabaharia wake wakakamatwa. Baada ya vita Eck alishitakiwa Hamburg, na tarehe 30 Novemba 1945 akapigwa risasi pamoja na maofisa wake wawili. Mhandisi wake alipinga amri ile, kisha akafyatua. Akapewa kifungo cha maisha.

Wawili wakitaka kufanya kazi pamoja, mmoja achukue U-852 na mwengine Petard, halafu wasimame siku moja. Wote wawili wana kamanda aliyesababisha vifo vya watu wasio na silaha walio majini, wote wawili wana sababu aliyoitoa kamanda. Mmoja alihukumiwa, mwengine hakushitakiwa. Waulizeni wenzenu tofauti iko wapi, na msiwape jibu mpaka wamalize kubishana.